Kiswahili kiingie Kampala kwa mlango wa dukani

Mabasi yanayosafiri usiku kwenda Kampala huingia mjini alfajiri, wakati vichochoro vya Kikuubo bado vinafagiliwa na wachukuzi wanakunywa chai ya kwanza. Ndani ya mabasi hayo wamo abiria wanaotambulika mara moja: marafiki watatu, wanne au watano, begi moja la nguo kwa wote, na mifuko mikubwa iliyokunjwa ikisubiri kujazwa. Wanasafiri pamoja kwa sababu za kibiashara. Chumba cha kulala hugawanywa, gari la mizigo hukodiwa kwa mchango, na anayebaki na mzigo wakati wenzake wakizunguka sokoni hawezi kuwa mtu baki. Lakini wakirudi nyumbani na kuulizwa habari za safari, hawaanzi na bei. Huanza na maajabu waliyoyaona.

Kwamba huko ugali unaitwa posho. Kwamba Mkristo huenda ukweni amevaa kanzu. Kwamba mtu hupakuliwa ndizi, wali, viazi vitamu, muhogo na malenge katika sahani moja, kisha akalipishwa kwa kuangalia mchuzi aliochagua. Kwamba mama mwenye umri wa kumzaa alipiga magoti kumsalimia kijana wa Kisumu aliyekuja kununua viatu vya jumla, kijana akakosa pa kuweka uso.

Simulizi hizi huchukuliwa kuwa porojo za safarini, za kuchekeshana wakati forodha inasubiriwa. Hilo ni kosa. Ndani yake kuna elimu ambayo haimo katika itifaki yoyote ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mfanyabiashara asiyekuwa nayo huilipia kwa fedha taslimu. Kuna jambo kubwa zaidi. Ukiyafuatilia maajabu hayo hadi kwenye mizizi yake, mengi si mageni hata kidogo. Ni vitu vya pwani na vya njia ya misafara, vilivyofika Kampala mikononi mwa wafanyabiashara, vikapokelewa, vikatunzwa na kupewa sura mpya.

Anza na posho. Neno ni la Kiswahili, na maana yake ya zamani ni chakula cha kugawiwa, kama walivyogawiwa wapagazi, askari na vibarua. Mgao huo ulipokuwa unga wa mahindi, unga wenyewe ukachukua jina. Tanzania posho ikapanda cheo, ikawa fedha za kikao. Uganda ikabaki jikoni, shuleni na kambini. Ndiyo maana mtu wa Dodoma akiulizwa Kampala kama atakula posho, hucheka kwanza ndipo ajibu.

Kanzu nayo ina historia ndefu zaidi. Mfanyabiashara wa kwanza kutoka pwani anayejulikana kwa jina kufika katika kasri la Kabaka ni Ahmed bin Ibrahim, aliyeingia Buganda mwaka 1844, enzi za Kabaka Ssuuna wa Pili. Yeye na waliomfuata walikwenda na nguo, shanga na bunduki, wakitafuta pembe za ndovu. Vazi walilovaa likawa la wakubwa wa kasri, na baadaye la kila mwanaume. Pwani, kanzu imebaki karibu na msikiti, na harusi na maziko ya Waislamu. Buganda imevuka mipaka ya dini: Mkatoliki, Mprotestanti na Mwislamu wote huivaa, mara nyingi na koti juu yake, na mwanaume asiyekuwa nayo hana nafasi katika msafara wa kwanjula, yaani siku bibi harusi anapowatambulisha wageni wake kwa wazazi. Tofauti iko kwenye nakshi. Kanzu ya Kiganda ina uzi wa rangi nyekundu iliyoiva, unaoitwa omulela, uliopita shingoni, kifuani na mikononi. Mfanyabiashara wa Tanga anayedhani atauza kanzu zake za kawaida kwenye maduka ya nguo za sherehe Kampala, ajue mapema kwamba zitakaa sana rafuni bila uzi huo.

Upande wa wanawake, gomesi, yenye mabega yaliyosimama na mshipi mpana kiunoni, wageni wengi huidhani vazi la kale kuliko yote. Ilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na fundi cherehani Mgoa aliyeitwa Gomes, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza. Jina la fundi likawa jina la vazi. Wenyewe huliita pia busuuti.

Hata jina la nchi lina alama ya vidole vya wachuuzi. Wenyeji husema Buganda kwa nchi yao, Muganda kwa mtu mmoja, Baganda kwa wengi na Luganda kwa lugha. Waswahili wa misafara walifuata kanuni ya lugha yao wenyewe: Mganda, Waganda, Uganda. Waingereza waliokuja nyuma yao wakaliokota jina kama walivyolisikia, wakaliandika kwenye ramani. Hivyo dola nzima, yenye Waacholi, Wateso, Wanyankole na wengine wengi ambao si Waganda, inaitwa hadi leo kwa matamshi ya watu wa biashara.

Na fedha je? Kwa Luganda fedha ni ensimbi. Msemaji wa Kiswahili aliyesoma kamusi atashtuka kidogo hapo, kwa maana simbi ni kombe dogo la baharini, lile ambalo wengine huliita kauri. Kabla ya rupia na shilingi, simbi kutoka Bahari ya Hindi zilitobolewa, zikatungwa kwenye kamba na kuhesabiwa sokoni kwenye mwambao wa ziwa lisilo na chumvi. Muuzaji wa Owino anapotaja ensimbi leo, akiwa na simu ya kupokelea malipo mkononi, bado anataja kombe la baharini. Simu hiyo huiita essimu. Duka lake ni edduuka, bei ni ebbeeyi, sabuni ni ssabbuuni, sukari ni ssukaali, meza ni emmeeza na barua ni ebbaluwa. Saa ni essaawa, na huhesabiwa kama Mombasa au Bukoba: jua likichomoza siku inaanza, na saa mbili ya asubuhi ni saa mbili. (Wanaounganisha safari kwenda Kigali au Juba wakumbuke tu kwamba huko mishale iko nyuma kwa saa moja. Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma Februari 2021, na bado wapo wanaofika stendi wakiwa wamekosea.)

Baada ya kuyaona hayo, ni rahisi mgeni kujiamini kupita kiasi. Hapo ndipo hasara huanzia, hasa kwenye hesabu.

Sikio la Kiswahili linajua kwamba kumi ni kumi. Kwa Luganda kkumi ni kumi kweli, lakini kikumi ni mia moja na lukumi ni elfu moja. Soko likiwa na kelele, mgeni husikia "kumi" katika yote matatu. Tano ni mtego mbaya zaidi. Ataano ni hamsini, bitaano ni mia tano, enkumi ttaano ni elfu tano, na emitwalo etaano ni elfu hamsini. Huu mutwalo ndio unaoumiza wengi, kwa sababu Kiswahili hakina kipimo chake. Sisi wa "elfu kumi, elfu ishirini" si lugha ya Kampala. Waganda huhesabu kwa makumi elfu, mutwalo mmoja, miwili, mitatu. Neno lenyewe lina mzizi mmoja na okutwala, kuchukua au kubeba, ni kama kusema mzigo mmoja wa fedha. Anayeambiwa emitwalo ebiri akasikia elfu mbili, hutoa noti ya elfu mbili kwa bidhaa ya elfu ishirini. Muuzaji hudhani anatukanwa. Mnunuzi hudhani anaibiwa. Wote wawili ni waaminifu, na biashara imeharibika.

Katika pengo hilo hujitokeza kijana mwenye tabasamu anayejitolea kutafsiri. Anasikiliza bei kwa Luganda, anaigeuza kwa Kiswahili, na katikati ya lugha hizo mbili bei inakua. Muuzaji anapata chake, kijana anapata tofauti, na mgeni anarudi Mwanza au Kakamega akiwaambia wenzake kwamba Kampala imekuwa ghali. Watu wa Kampala wakija Kariakoo au Gikomba hukutana na kijana yuleyule kwa sura nyingine. Mtu hahitaji kujua Luganda yote ili kumkwepa. Anahitaji maneno ya hesabu yasiyozidi ishirini, yanayoweza kukaririwa kati ya Mutukula na Masaka, na rafiki wa pembeni wa kumsahihisha. Kundi la marafiki wanne likigawana kazi hiyo, mmoja akashika hesabu, mwingine salamu, wa tatu majina ya vitambaa, hakuna wa kuwatafsiria bei.

Yapo pia maneno pacha yanayopotosha bila kumtia mtu hasara kubwa. Kale kwa Kiswahili ni zamani. Kwa Luganda ni "sawa", na mgeni husikia kale kila baada ya sentensi mbili akijiuliza ni historia gani inayosimuliwa. Linda ni subiri. Mwanamke aliyeachwa karibu na marobota ya mitumba na kuambiwa "lindako", akasimama saa nzima akiyakodolea macho asiibiwe hata moja, hakuombwa ulinzi. Aliombwa uvumilivu. Na muuzaji akisema Jumapili kwamba anakwenda kusoma, asidhaniwe kuwa mwanafunzi wa jioni: anakwenda kanisani. Waumini wa kwanza wa Buganda walifahamika kwa kujifunza kusoma vitabu vya dini, na kusoma kukawa pia kusali.

Usafiri una lake. Takisi, kwa mtu wa Dar es Salaam, ni gari dogo la kukodi peke yako. Kampala takisi ni ile inayoitwa matatu Nairobi na daladala Dar: basi dogo jeupe lenye mstari wa vimiraba vya buluu, abiria kumi na wanne, na utingo anayetangaza njia. Anayetaka kushuka hupaza sauti "maaso awo", yaani hapo mbele. Bodaboda hazihitaji maelezo, ila inafaa wafanyabiashara wa mpakani wajue kwamba neno hilo ni mali yao. Asili yake husimuliwa Busia, kwa waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo katika kipande cha ardhi kilichotenganisha vituo viwili vya mpaka. Boda hadi boda. Sasa linatumika hata katika miji ambayo haijawahi kuona mpaka.

Kwenye chakula, mgeni akishaelewa kanuni moja hapati taabu. Luganda hutenganisha emmere na enva. Emmere ni chakula chenyewe, hasa matoke, na enva ni kitoweo. Mama wa kibandani huuliza mchuzi gani: maharage, karanga, nyama, samaki au kuku. Bei hufuata jibu hilo, na vyakula vingine hupakuliwa kwa pamoja. Kundi la marafiki kutoka Nairobi lililozoea kuagiza ugali kivyake na sukuma kivyake hudhani limepewa chakula cha mtu mwingine. Chapati iliyoviringishwa na mayai inaitwa rolex, na haina uhusiano na saa ya mkononi. Ile iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage ni kikomando. Mwezi wa Novemba panzi wa kijani, nsenene, huuzwa barabarani wakiwa wametolewa mbawa na miguu. Mtu wa Bukoba hashangai, kwao senene ni kitoweo cha heshima. Wa Dodoma na Machakos ndio hubaki wameshika mdomo, na hata Kampala si kila mtu anawala: Nsenene ni jina la ukoo mmoja wa Buganda, na wenye ukoo huo wamekatazwa kumla panzi wanayeitwa kwa jina lake. Asiyejua humkaribisha mwenyeji wake kwa furaha, akakataliwa kwa upole, akabaki ameudhika bure.

Lakini katika yote ambayo marafiki hujifunza Kampala, salamu ndiyo yenye thamani kubwa. Duka la Kariakoo likijaa, mteja anaweza kuanza na "hii bei gani?" na asionekane mkorofi. Kampala anayeanza hivyo amejipunguzia nafasi ya kukatiwa bei. Asubuhi kuna "wasuze otya", umelalaje, ikifuatiwa na ssebo kwa mwanaume au nnyabo kwa mwanamke. Mchana kuna "osiibye otya". Na anayemkuta mtu akifanya kazi, hata kama anapanga soksi tu, humwambia "gyebale ko", ahsante kwa kazi. Mfanyabiashara wa mpakani asikie hilo vizuri: kuna mji ambao mtu hushukuriwa kwa kufanya kazi yake na mgeni ambaye kazi hiyo haimhusu. Ukishashukuru ndipo unapouliza bei, na ukishauliza bei ndipo unaposema "salako", yaani katako kidogo. Mwanamke wa Kiganda aliyelelewa kwa mila anapopiga magoti kumsalimia mteja, hajidhalilishi, na hakuna haja ya kumvuta ainuke. Anaitikiwa kwa utulivu na kwa ssebo na nnyabo zote zinazostahili. Kijana wa Kisumu aliyekosa pa kuweka uso alihitaji kujua hilo tu.

Swali linalobaki ni kwa nini, katika mji wenye duka, bei, saa na sukari, Kiswahili chenyewe bado kinapokelewa kwa tahadhari. Wageni wengi hulishangaa hili kuliko panzi. Wanauliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiingereza, au kwa ukimya, na wanahitimisha kwamba Waganda wana majivuno. Jibu la haki ni refu kuliko hilo.

Kiswahili kilikuwa na heshima Buganda. Kabaka Muteesa wa Kwanza alikizungumza, na wamisionari wa mwanzo walianza kufundisha kwacho kabla ya kuijua Luganda. Kisha kikabadilisha mikono. Kikawa lugha ya amri katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na serikali ya kikoloni ilipotaka kukifanya cha kiutawala na cha shuleni, Kabaka Daudi Chwa alikipinga hadharani mwaka 1929 kwa hofu ya kuipoteza lugha ya watu wake. Baada ya uhuru, askari waliendelea nacho. Idi Amin, aliyetokea jeshini humohumo, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kwa mtu mzima wa Kampala wa miaka ile, Kiswahili kilikuwa sauti inayosikika kwenye kizuizi cha barabarani, ikiuliza kitambulisho huku mtutu ukielekezwa tumboni. Majambazi nao walikitumia, kwa kuwa kiliogopesha. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yalipoingia mjini pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, watu waliwapokea kwa furaha na kuwaita bakomboozi, neno lililotoholewa moja kwa moja kutoka "wakombozi". Hata hivyo, ukombozi huo nao ulikuja na bunduki.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kila kitu cha Kiswahili kilichokuja Kampala kwa njia ya biashara, Kampala imekifanya chake: kanzu, saa, duka, jina la nchi. Kilichokuja kwa amri kilikataliwa. Sheria imekwisha kufanya sehemu yake. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na Julai 2022 likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Ni hatua njema, ila shule nyingi bado zinasubiri walimu, na neno "lazima" lina kumbukumbu yake katika nchi hiyo. Mtoto wa Nakasero atajifunza ngeli darasani. Kama lugha hiyo inafaa kupendwa, atajifunza kwa mtu anayemwona akiongea na mama yake kibandani.

Mtu huyo ni mfanyabiashara wa Arusha, Eldoret, Goma au Bujumbura. Na inasikitisha kusema kwamba mara nyingi anafundisha vibaya. Anaongea kwa sauti ya juu, kana kwamba asiyeelewa ni kiziwi. Anaanza na bei. Na Mganda anapojaribu Kiswahili, akasema "mimi nataka kitu hii", kundi zima la marafiki huangua kicheko na kuirudia sentensi hadi chumbani usiku. Mtanzania humcheka Mkenya, Mkenya humcheka Mganda, wote watatu humcheka Mkongo, ambaye Kiswahili chake cha Bukavu kina utaratibu wake kamili. Kicheko hicho ni ushuru ambao hakuna forodha iliyouondoa. Anayechekwa hurudi kwenye Kiingereza. Anayeumia basi si msomi mwenye Kiingereza chake, bali mama wa mitumba aliyeishia darasa la saba, ambaye Kiswahili ndiyo lugha pekee ya kibiashara aliyonayo nje ya kwao. Kila Mganda anayenyamazishwa kwa kicheko ni muuzaji mmoja aliyempoteza, na nafasi yake inachukuliwa na kijana wa kutafsiri.

Jumuiya imewawekea wafanyabiashara wadogo mengi ya manufaa. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinaweza kupita kwa cheti cha uasilia kilichorahisishwa. Vituo vya pamoja vya mpakani vimepunguza foleni Busia, Malaba na Mutukula. Lakini ukuta wa kituo cha mpakani wenye mabango ya viwango vya ushuru unaweza kubeba bango moja zaidi: hesabu za Luganda na Kiswahili bega kwa bega, kutoka kkumi hadi mutwalo, pamoja na salamu za asubuhi na jioni. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao Zanzibar haihitaji bajeti kubwa kwa kazi hiyo. Inahitaji kukaa siku moja na wanawake wanaovuka kila wiki, kwa maana kamusi ya biashara ya mpakani tayari wanayo vichwani. Vyama vya wafanyabiashara navyo, vinavyokusanya michango ya maegesho na ulinzi, vingeweza kumkalisha kila mwanachama mpya na mkongwe mmoja kabla ya safari ya kwanza, aambiwe habari za mutwalo, za ssebo na nnyabo, na za tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Namugongo, wakati mabasi hujaa mahujaji na maduka mengi hufungwa.

Mkataba wa Jumuiya ya kwanza ulitiwa saini Kampala Juni 1967, na miaka kumi baadaye Jumuiya hiyo ikavunjika. Katika miaka migumu iliyofuata, mama wa vitenge waliendelea kupita, wengine kwa njia za panya, wakiokota maneno ya kila upande. Ukiwasikiliza leo Owino, ambayo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, utasikia mazungumzo ambayo hakuna mtaala uliyoyapanga. Mmoja anasema gyebale ko, mwingine anajibu kwa "ahsante dada". Bei inatajwa kwa mitwalo na kurudiwa kwa maelfu, vidole vikithibitisha. Salako moja, mbili. Jora kumi zinafungwa. Kisha muuzaji anachomoa kipande kimoja cha ziada, anakisukuma ndani ya mfuko wa mteja wake wa Mwanza na kusema neno la Luganda lisilohitaji mtu wa kutafsiri: enyongeza.